Kilima cha Tatu cha Moyo wa Minza

Dar es Salaam,
11 Machi 1957

Dada yangu Pelagia,

Shikamoo. Mfikishie baba shikamoo yake pia, na umwambie miguu yangu bado ipo, ingawa yeye husema mtu anayezoea treni hupungukiwa miguu kidogo kidogo. Huku tu wazima. Flavia mke wangu hajambo, na mtoto ameota meno mawili, anang'ata kila kitu pamoja na rozari ya mama yake. Michembe ya viazi uliyotuma ilifika. Nimeila peke yangu na sioni haya.

Nakuja kwenye neno lenyewe. Unajua tangu mwaka jana niko chini ya Dokta Furtado, yule Mgoa wa mambo ya moyo. Ana mashine inayouandika moyo. Usicheke. Mtu analazwa chali, anafungwa nyaya mikononi, miguuni na kifuani, na kalamu isiyo na wino inachora kwa joto lake juu ya karatasi nyembamba, ndefu kama utepe. Kila pigo la moyo linachora vilima vitatu: cha kwanza kidogo, cha pili kirefu na chembamba mithili ya mnara wa kanisa, cha tatu cha mviringo, hapo moyo unapojiweka sawa kabla ya pigo jingine. Dokta anachunguza mioyo ya vijana wakimbiaji wa shule. Mashine moja ameiacha Tabora, pale hospitali ya Kitete, mpaka mwisho wa mwaka, na karatasi zinaletwa huku kwa treni. Kazi yangu ni kuzipima kwa rula.

Jumatano nilifungua bahasha. Karatasi ya ishirini na tatu iliandikwa juu: Minza Raymundi, miaka kumi na sita, shule ya masista, mbio za nusu maili.

Dada, sura ya mwanao sijaiona tangu akiwa na miaka kumi. Sijui amefanana na wewe au na marehemu shemeji Raymundi. Lakini moyo wake ulikuwa mezani kwangu, umetandazwa, nausoma. Moyo wangu mimi hupiga mara sabini na tano kwa dakika. Wake unapiga arobaini na moja. Nilihesabu mara tatu. Minara yake ni mirefu mpaka inatoka nje ya mistari. Nilijikuta nimesimama na kofia yangu nimeivua, ndani ya chumba, peke yangu.

Kuna jambo dogo Dokta analitazama. Nitakuandikia. Hapati kizunguzungu, mtoto?

Mdogo wako,
Anselm


Kigwa,
2 Aprili 1957

Ndugu yangu Anselm,

Marahaba. Baba naye kasema marahaba, ila neno lake la treni halirudishi. Mvua bado inanyesha, karanga zimetanda vizuri, na mbuzi yule mwekundu amezaa mapacha. Kikohozi changu kimekwisha. Msalimie Flavia, amfiche mtoto hiyo rozari.

Kumbe siku hizi unazivulia kofia karatasi! Ukija kwetu utazipigia magoti.

Minza yuko hapa. Amerudi na sanduku lake na barua ya Sista mkuu. Wanasema hawawezi kumpokea mpaka Dokta atoe neno, wanaogopa asije akawafia mikononi. Jambo dogo halimrudishi mtoto nyumbani na sanduku, Anselm. Mimi si mgonjwa wako wa kudanganywa kwa vidonge vitamu. Sema lililopo.

Kizunguzungu hana. Akikimbia anarudi anaimba.

Dada yako,
Pelagia


Dar es Salaam,
14 Aprili 1957

Dada mpendwa,

Shikamoo. Umenikamata, na nastahili. Sisi wazima. Kwa baba shikamoo nyingi.

Kilima cha tatu cha Minza hakikusimama. Katika nyaya tatu za kifuani kimepinduka, kimekuwa bonde. Dokta anasema bonde hilo lina wenyewe wa aina mbili. Kuna moyo ulionenepa kwa maradhi. Na kuna moyo uliokua kwa kazi, jinsi mkono wa mhunzi unavyokua, na huo huwa wa wakimbiaji. Karatasi zao zinaweza kufanana hivi kwamba hata yeye, na miwani yake miwili, hawezi kuapa.

Nikamuuliza, sasa utawatenganishaje? Akasema: mnyime mbio. Miezi mitatu Minza asikimbie. Moyo wa kazi ukikosa kazi hurudi ulikotoka, na bonde huinuka likawa kilima. Moyo wa maradhi haujui habari ya likizo.

Tangu siku hiyo nashindwa kuacha kuliwaza. Nilidhani mtu huzaliwa na moyo wake akafa nao, kama urefu wake. Kumbe mtoto wa Kigwa amekimbia njia za mashambani, na kifuani, pasipoonekana na mtu, moyo umekuwa ukijijenga upya ili umfuate. Nani aliuagiza?

Asikimbie, basi. Na Dokta ana swali, analiuliza kila mzazi: katika ukoo, yupo kijana aliyeanguka ghafla akakata roho, hasa akiwa katika mchezo au kazi? Nimemjibu simjui. Kaka yake Minza, Tobias wetu, nimesema alikufa kwa homa. Kama yupo mwingine, niandikie.

Mdogo wako,
Anselm


Kigwa,
26 Mei 1957

Ndugu yangu Anselm,

Marahaba. Usishangae kukawia kwangu, ni mavuno. Karanga tumeng'oa zote, sasa tunazipura, na vidole vyangu havishiki kalamu. Baba amepata viatu vya matairi, anatembea nje usiku na mchana ili watu wasikie.

Minza anatii. Hakimbii hata kuku akiingia jikoni. Hakai bure pia, kwa maana mtoto wa kike akikaa bure anaota kutu, anatusaidia vikazi vya hapa na pale. Mwanzo wa Julai atakwenda tena Kitete kwa hiyo mashine.

Swali la Dokta wako nimelisoma. Mtama wa mwaka huu ndege wameula sana.

Dada yako,
Pelagia


Dar es Salaam,
19 Julai 1957

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mtoto ametembea hatua nne. Ningependa barua hii iishie hapo.

Karatasi ya pili ya Minza imefika. Niliifungua mwenyewe, nikaomba Salamu Maria kabla sijaikunjua. Miezi mitatu ya mapumziko, na moyo wake sasa unapiga thelathini na tisa. Bonde liko palepale, na katika waya wa nne limeongezeka kina. Dokta aliishika karatasi karibu na dirisha kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Anselm, haujarudi. Basi ni maradhi."

Sasa nikuambie nililokuficha. Moyo wa namna hiyo unaweza kusimama ghafla, mtu akiwa mbioni, bila kuugua hata siku moja. Nililijua tangu Machi. Niliandika "jambo dogo" kwa sababu mkono ulikataa kuandika vingine. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua, na mimi ndiye mganga niliyeyaficha.

Dokta atawaandikia masista mwisho wa Agosti. Minza hatarudi shule, wala hatakimbia tena maisha yake. Mwambie kwa upole. Au ningoje nimwambie mimi, kama utapenda.

Mdogo wako,
Anselm


Kigwa,
30 Julai 1957

Ndugu yangu Anselm,

Marahaba.

Nimemwambia. Hakulia. Alikwenda kukaa kizingitini akatazama njia, na jioni hakula.

Nami nikuambie kweli, Mungu anisamehe: nilipoisoma barua yako nilishusha pumzi. Akae kwetu, hapa nitamwona. Shule ni ya nini? Nguvu anazo. Tangu Aprili anabeba asali ya baba, debe moja kichwani, kutoka hapa mpaka stesheni ya Kigwa kwa Selemani anayeinunua, maili saba kwenda na saba kurudi, mara nne kwa wiki. Anatembea tu, hakimbii, neno lako tumelishika. Baba anamfundisha kupumua kwa hatua, wao wapagazi walivyofanya na pembe za ndovu kwenda Bagamoyo. Anasema msichana huyu angeliongoza msafara.

Basi usihuzunike sana. Wapo wanaoishi bila kukimbia.

Dada yako,
Pelagia


Dar es Salaam,
7 Agosti 1957

Dada! Shikamoo ya haraka haraka, na salamu zote baadaye!

Maili kumi na nne? Na debe la asali kichwani? Mara nne kwa wiki, tangu Aprili? Na hayo ndiyo mapumziko?

Nimecheka mpaka Flavia akadhani nimepata homa, kisha nikakaa chini nikalia. Kosa si lako. Ni langu. Niliandika "asikimbie", nikasahau naiandikia nyumba ya nani. Mama wa Kizungu angemkalisha mtoto kitini na kumfunika blanketi. Sisi tumelelewa na baba, na kwa baba anayetembea na mzigo ndiye aliyepumzika, anayechoka ni yule aliyesimama. Tangu lini Mnyamwezi akahesabu kutembea kuwa kazi?

Nilimpelekea Dokta barua yako, nikamsomea. Alicheka kwanza. Halafu akauliza debe la asali lina uzito gani. Nikamwambia. Akaagiza debe lijazwe maji, akalitwika kichwani mwake mwenyewe, kwa tai yake na koti lake jeupe, akatoka mlangoni kuelekea dirishani. Hakufika. Alilitua katikati ya chumba, akalowa mpaka viatu, akasema taratibu, "Maili saba." Baadaye ananiuliza habari za wapagazi wa zamani, walikuwa wangapi, walikwenda miezi mingapi, na mimi namjibu, na yeye anaandika. Mwisho akasema, "Njia nzima ya Tabora mpaka pwani ilijaa mioyo kama huu, na hakuna aliyeusikiliza hata mmoja." Barua aliyokwisha kuwaandalia masista akaichana.

Sasa shika neno langu lote, si nusu. Miezi mitatu. Asikimbie, asibebe, asilime, asitwange. Akae. Aote hiyo kutu.

Na dada, tangu Aprili nimekuuliza jambo, nawe umenijibu kwa mazao. Tafadhali.

Anselm


Kigwa,
29 Septemba 1957

Ndugu yangu Anselm,

Marahaba. Baba hanisemeshi, kwa kuwa nimemtua mjukuu wake mzigo. Anasema nimemfanya yai. Minza anakaa kwenye mkeka, ameshafuma vitambaa vya meza kumi na vinne na meza tunayo moja.

Barua yako ya Agosti niliisoma mara moja, nikaiweka chini ya godoro. Siku tisa. Siku tisa hizo Minza aliendelea kubeba, nami nilikuwa namtwika debe kwa mikono yangu, nikijua. Nilitaka karatasi ya tatu iwe mbaya kama ya pili. Nilitaka mashine ikatae, ili nisikatae mimi. Siku ya kumi nilishindwa kuinua debe. Mikono iligoma. Ndipo nikamwambia akae.

Tobias hakufa kwa homa.

Ilikuwa Jumapili, baada ya misa, wanacheza mpira katika uwanja wa misheni. Alikuwa na miaka kumi na saba. Alikuwa anaufuata mpira, hakuna aliyemgusa, akaanguka kifudifudi. Ndiyo hivyo. Watu wakaanza kumtaja jirani, kwamba amemroga, wakataka kumchomea nyumba. Baba akasema tuseme ni homa, ili mtu asiuawe. Nawe ulikuwa katika mitihani yako. Nikakuandikia homa. Uongo ukishaandikwa na kubandikwa stempu unakuwa mgumu kuurudisha.

Mwambie Dokta. Kama kuna la kuogopa, sasa analo lote.

Dada yako,
Pelagia


Dar es Salaam,
5 Desemba 1957

Dada mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo kwa baba.

Sikuweza kukujibu mapema. Nilikwenda kanisani kwanza, nikamtolea Tobias misa kwa kifo chake cha kweli. Miaka mitano nimekuwa nikimwombea mtu wa homa. Ulibeba peke yako, dada, na mimi nikiwa mganga wa familia. Naumia kwa hilo kuliko nijuavyo kusema.

Karatasi ya tatu ilikuja jana.

Moyo wake unapiga hamsini na sita. Minara imeshuka. Na kilima cha tatu, katika kila waya, kimesimama. Kidogo, cha mviringo, kilima cha mtu yeyote. Nilizipanga karatasi tatu mezani, moja chini ya nyingine, nikamwita Dokta. Mtu mzima na elimu yake, alipitisha kidole juu ya kile kilima mara nyingi, akawa anatikisa kichwa. Moyo uliokua wenyewe, ukajua kurudi wenyewe, na mwenye nao amekaa mkekani anafuma vitambaa, hana habari.

Nilimweleza habari za Tobias zote. Alikaa kitako. Akasema nikuandikie maneno yake yalivyo: "Moyo wa kijana yule sina karatasi yake, siwezi kuusemea. Huu wa dada yake nimeuona ukiinama na kuinuka. Moyo mgonjwa sijauona ukifanya hivyo. Naamini ni mzima. Lakini mimi naamini tu, siwezi kumwapia mama."

Shuleni atarudi Januari, Dokta amewaandikia masista. Kukimbia ni jambo jingine. Kwa sababu ya Tobias, hataruhusu bila sahihi yako. Fomu iko humu ndani. Siwezi kukushauri. Nikifumba macho naona karatasi. Wewe ukifumba macho unaona uwanja.

Mdogo wako,
Anselm


Dar es Salaam,
16 Machi 1958

Dada mpendwa,

Shikamoo. Sijapata barua tangu Krismasi, na fomu haijafika. Sikuharakishi. Nijulishe tu kama mpo.

Anselm


Kigwa,
22 Juni 1958

Ndugu yangu Anselm,

Marahaba. Na marahaba nyingine kwa miezi yote niliyonyamaza. Tupo. Baba alishikwa na pumu wakati wa mvua, akapona, akarudia viatu vyake. Mbuzi mwekundu aliliwa na fisi. Mpe Flavia hongera ya mimba, habari zimetufikia.

Fomu yako ilikaa nyuma ya picha ya Bikira Maria mpaka Pasaka. Minza aliijua ipo. Alirudi likizo, na hakuniuliza. Hilo ndilo lililonimaliza. Alikuwa akinyanyuka nikiingia. Alikuwa akisema "ndiyo mama" na "asante mama". Minza, ambaye tangu anyonye hajawahi kukubali jambo mara ya kwanza! Nikamtazama siku moja anachambua mlenda, mpole, macho chini, nikaona nimeshamzika mtoto huku anakula. Nikatoa fomu nikaandika jina langu. Kalamu ilitoboa karatasi.

Jana ilikuwa michezo ya Jimbo, Tabora. Nilikwenda. Baba alikataa treni, kwa hiyo alibaki. Nilikaa na masista, rozari mkononi, na sikuomba hata kumi moja la Salamu Maria, nilikuwa nazipitisha shanga tu. Wasichana tisa, mizunguko miwili ya uwanja. Sijawahi kumwona akikimbia, unajua? Kila mara nilikuwa nageuka. Jana nilijilazimisha. Anselm, ule si mwendo wa kuhangaika. Wenzake wanapigana na hewa, yeye anapita ndani yake. Mzunguko wa pili aliwaacha wote nyuma, na uso wake umetulia, ni uso wa mtu anayesikiliza kitu. Nilielewa kwa nini ulivua kofia.

Alikata utepe. Akaenda hatua kumi mbele. Akaanguka kwenye nyasi.

Sasa nikuambie ambalo sijamwambia padri wala baba. Siku ya Tobias nilikuwa pale uwanjani. Nilimwona anaanguka. Nikawaza: mimi mtu mzima, mke wa katekista, nitakimbiaje mbele ya watu na khanga inapeperuka? Nikamwendea kwa kutembea. Kwa heshima. Nilipofika alikuwa amekwisha.

Jana nilikimbia. Niliruka kamba, viatu viliniacha, khanga ilibaki mkononi mwa Sista mkuu, na uwanja mzima wa Jimbo la Magharibi ukaniona. Nikapiga magoti nikamwekea kiganja kifuani. Humo ndani palikuwa na vishindo, kama wanawake wanne wanatwanga kinu kimoja. Halafu vikaanza kupungua, hapo hapo chini ya mkono wangu, polepole, vikijipanga vyenyewe, kimoja, nafasi, kingine, nafasi kubwa zaidi, mpaka nikaweza kuhesabu.

Akafumbua jicho moja, anahema. "Mama," akasema, "umekimbia."

Nikamwambia anyamaze, nahesabu.

Dada yako,
Pelagia